Rafti ya Binti wa Fundi Timazi

Mtaani kote hapakuwa na mtu aliyeiamini mitaro kama Fundi Timazi. Umwonyeshe mwamba, atachimba mtaro wa msingi. Umwonyeshe bwawa lililofukiwa, atachimba mtaro, kisha atashangaa kwa nini unakunja uso. Jina la Timazi alipewa na vibarua wake, kwa kuwa ile kamba yenye risasi ya kunyooshea kuta ilining'inia shingoni mwake kama nishani. Na kwa haki, kuta zake zilikuwa wima kabisa siku ya kukabidhi funguo. Yaliyotokea baada ya funguo, alisema, ni kati ya mwenye nyumba na Mungu wake.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ushahidi tosha. Aliijenga juu ya mfinyanzi mweusi, ule udongo unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na tangu hapo nyumba haikupata utulivu. Mvua zikija, mlango wa jikoni uligoma kufunguka; jua likiwaka, uligoma kufungika. Ufa wa chumbani mkewe aliufunika kwa kalenda. Ufa ukakua, akatundika pazia. Ukakua tena, akasukuma kabati.

"Kabati likishindwa, mume wangu, tutamsimamisha nani pale? Wewe?"

"Nyumba inapumua tu, mama," alijibu fundi, kwa utulivu wa daktari ambaye wagonjwa wake hawarudi kulalamika.

Basi binti yao, muuguzi wa wodi ya wazazi, akapata kiwanja nyuma ya nyumba hiyohiyo, upande wa bondeni, palipokuwa na dimbwi lililojazwa vifusi. Baba akafurahi, akanoa sururu. Binti akaja na mhandisi.

Mhandisi alikuwa mama mfupi aliyevaa buti za mpira zilizomzidi. Aliomba mashimo mawili tu, moja upande wa juu wa kiwanja na moja upande wa chini. La juu lilitoa mfinyanzi mgumu. La chini lilijaa maji, na udongo wake ulibonyea kwa kidole kama ugali uliokosa unga.

"Ukichimba mitaro hapa, kona hii itazama na ile itabaki," alisema. "Nyumba itakatika katikati. Panafaa rafti: zege moja pana lenye nondo, chini ya nyumba yote. Uzito unatawanyika, na nyumba ikisogea, inasogea nzima."

"Na ardhi ikiwa ngumu na sawa kote?" Fundi Timazi aliuliza.

"Hapo mitaro inatosha. Rafti itakuwa kupoteza saruji na nondo bure."

Katika maelezo yote hayo, fundi alisikia hilo la mwisho tu, akalikubali kwa moyo mmoja.

Mhandisi alipoacha mchoro wa rafti na kuondoka, binti alimshika baba yake mkono. "Baba, nakupenda, lakini mimi sinunui kabati la kufunika ufa. Ukijenga kama ilivyochorwa, kazi ni yako. Ukileta ujanja wako, namwita fundi wa ng'ambo ya barabara."

Fundi wa ng'ambo ya barabara! Yule ambaye Timazi mwenyewe alimfundisha kushika mwiko! Kuona nyumba ya binti yako ikiinuliwa na mwanafunzi wako, tena dirishani pako, kila asubuhi unapopiga mswaki? Timazi akakubali rafti.

Akaifanya kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Vifusi laini vikaondolewa, mawe yakamwagwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa hadi mguu haukuacha alama. Mabomba ya maji machafu yakalazwa mapema, maana rafti haitobolewi baadaye kama keki. Likaja zege jembamba la kusawazisha, kisha karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu. Pembezoni na chini ya kuta, pakaachwa kina zaidi ili zege liwe nene. Hadi hapo, safi.

Kisha zikaja nondo. Mchoro ulitaka matandiko mawili: la chini liinuliwe kwa biskuti, vile vipande vidogo vya zege, ili zege lipite hadi chini yake, na la juu likae kwenye nondo zilizokunjwa kama viti. Timazi aliona huo ni utoto. Akalaza yote mawili juu ya plastiki. "Zege likimwagwa, tutayavuta juu kwa ndoano," aliwaambia vibarua. "Ndivyo tulivyofanya siku zote."

Siku ya kumwaga, mashine ilinguruma na majirani wakajaa uani. Fundi wa ng'ambo naye alikuja, akaegemea uzio kama mtu aliyelipia tikiti. Binti akafika na sare yake ya kazini, akachuchumaa, akajaribu kupitisha mkono chini ya nondo.

"Baba, mkono haupiti."

"Utapita. Zege likija tutavuta kwa ndoano."

"Na hao wanaovuta watakuwa wamesimama wapi?"

Vibarua wote, waliokuwa wamesimama juu ya nondo, wakaangalia miguu yao. Ng'ambo ya uzio mtu alikohoa, kikohozi cha mtu mwenye afya njema kabisa. Binti akageuza macho kule, na Timazi akayaona.

"Zima mashine!" alipaza sauti.

Zege lililokwisha kuchanganywa likaishia kuwa kijia cha kwenda jikoni kwa mkewe, aliyelipokea bila maswali. Fundi Timazi akautembelea uzio, safari fupi kuliko zote na ndefu kuliko zote.

"Una biskuti?"

"Za chai, mwalimu wangu?"

"Lete kabla sijabadili mawazo."

Biskuti na viti vikawekwa chini ya nondo, na kesho yake walimwaga kuanzia alfajiri, upande hadi upande, bila kusimama hata kwa chakula, maana rafti inataka kuwa kitu kimoja. Siku zilizofuata Timazi aliifunika kwa magunia na kuimwagilia asubuhi na jioni, kwa upendo ambao mkewe alisema hajawahi kuuona ndani ya ndoa.

Binti alipokuja tena, aliizunguka rafti yote, akasimama katikati, pale kitakapokuwa chumba chake.

"Kuta unaanza lini, Baba?"

"Jumatatu." Fundi Timazi akasita, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino: "Huyo mama wa buti... mchoro wa kuta ameshaumaliza?"