Maziwa Yaliyorudi Uvunguni

Saa mbili asubuhi, mvua ya Novemba inaupiga mji wa Hoquiam bila kupumzika, na Wendell Skaar, fundi wa pampu, amelala kifudifudi chini ya sakafu ya jiko la Bibi Ardis Lindqvist. Uvungu wa nyumba hii una kimo cha sentimita hamsini tu. Anajivuta kwa viwiko, tochi kichwani, tope limemjaa kifuani.

"Kijana, umenenepa! Utanasa humo," sauti ya bibi inashuka kupitia tundu la sakafuni.

"Nikinasa, Bibi, unipitishie kahawa kwa mpira wa maji!"

Wendell ana miaka hamsini na mitatu. Mji mzima, ni Bibi Ardis pekee, mwenye sabini na tisa, anayemwita kijana.

Utani unaishia hapo. Maji yamebakiza vidole viwili kuufikia mtambo unaopasha nyumba joto. Mwaka jana yaliufikia, ukafa, na bibi akashinda siku tisa ndani ya makoti mawili. Mwanawe Corey, anayeishi Arizona, ameshakata shauri: yakiufikia tena, anauza nyumba na kumchukua mama yake.

"Arizona nikafanye nini?" bibi anafoka. "Nikaange mayai barabarani?"

Ajabu ni kwamba pampu ya kutoa maji uvunguni ipo, na ni nzima. Imekaa kwenye kishimo chake: boya likipanda na maji, inanguruma, likishuka, inanyamaza. Ila siku za mvua hainyamazi hata dakika nne. Mafundi wawili waliotangulia walishauri pampu kubwa zaidi.

Wendell hauzi pampu kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Anatambaa hadi nje, anaomba paketi ya maziwa.

"Una njaa?"

"Si mimi, Bibi. Ni uvungu wako."

Analifuata bomba la kutolea maji hadi linapoishia, kwenye maua ya rododendroni, hatua moja kutoka ukutani. Anamimina maziwa yote pale, kisha anarudi chini na kungoja. Dakika ya sita, weupe mwembamba unapenya chini ya msingi, unateleza juu ya nailoni iliyotandikwa ardhini, unaingia kishimoni.

Sasa inabidi aseme, na kusema ni kugumu. Aliyeweka pampu hii, miaka kumi na moja iliyopita, ni marehemu Orrin, mume wa bibi. Na kiwanda cha mbao kilipofungwa, Wendell akakaa miezi saba bila kazi, ni Orrin huyohuyo aliyempa pampu yake ya kwanza na kumfundisha kuchimba kishimo.

"Kila mkate ninaokula umepita mikononi mwa mzee yule," anajisemea.

Jikoni, anavua kofia.

"Bibi, Orrin alichimba vizuri sana. Ila maji yanayotolewa na pampu yake yanarudi. Aliyapeleka kwenye maua yako."

Bibi Ardis anayatazama maua dirishani.

"Ni mimi," anasema. "Kiangazi kile maua yalinikaukia. Nikamwambia, wewe Orrin, unamwaga maji bure mtaroni! Akalihamisha bomba jioni ileile."

Kisha anaangua kicheko, mpaka anajifuta macho kwa aproni. "Miaka kumi na moja! Tunasukuma maji yaleyale!"

Hadi saa nane mchana, Wendell amelirefusha bomba mita kumi na nne, likiinama polepole kuelekea mtaroni. Maji yameshuka kiganja kizima. Mvua haijapungua, lakini pampu imenyamaza, na bibi anashika simu.

"Corey? Usinisafishie chumba. Ndiyo, kunakauka. Wewe ndiye uje Krismasi, tena uje na buti."

Wendell anaondoka na dola mia mbili za kazi na chupa ya samaki aina ya samoni aliyekaushwa kwa moshi, aliyoikataa mara mbili akashindwa. Mwezi kama huu hutambaa chini ya nyumba kumi na nne kwa wiki. Magoti yanalalamika, yeye anashukuru.

Septemba ijayo, kabla mvua hazijaanza, anataka kufungua darasa la bure kwenye ukumbi wa zimamoto. Kila mwenye nyumba aje na mchoro mmoja tu: bomba lake linaishia wapi. Darasa ameshalipa jina: la Orrin.

"Mvua siwezi kuizuia," anasema akiwasha gari. "Nataka tu wazee wetu waisikie juu ya paa, si chini ya miguu."