Wimbo wa Okoth na Dawa ya Kichwa

Nakumbuka alasiri moja huku ufuoni, mwanangu, ziwa limetulia mpaka kisiwa cha Mfangano kinaonekana kama kimeinuliwa kidogo juu ya maji, na sisi wanawake tumeinamia omena, wale dagaa wa ziwa. Ilikuwa miaka ya tisini. Mwaka wenyewe usiniulize, shule niliiacha mapema na tarehe hazikai kichwani mwangu. Majina ndiyo hukaa.

Omena tulizianika juu ya nyavu kuukuu, zikimetameta mpaka macho yanakuwa mazito. Katikati yetu, juu ya ndoo iliyofunikwa, kulikuwa na redio ya mama mkwe wangu, Mama Dorsila. Mawe yake, yaani betri, yakichoka tuliyaweka juani asubuhi yapate nguvu, alasiri tukayarudisha, redio ikaongea. Na alasiri ndiyo walisoma matangazo ya vifo, kwa Kijaluo: fulani, mtoto wa fulani, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, atazikwa kwao mahali fulani. Mikono yote ilisimama. Hata watoto walijua kunyamaza. Kulikuwa na utamu pale, Mungu anisamehe, utamu wa kusikia majina yakipita juu ya maji kama ndege wanaorudi kulala. Mimi niliyashika yote. Jioni aliyekuwa sokoni alipita kwangu: "Nyar Karungu, leo wamesoma nani?" Ndivyo walivyoniita, binti wa Karungu, kwa sababu nilizaliwa Karungu, huko Migori.

Jina la Okoth lilisomwa hapo pia. Okoth alikuwa mume wangu, na kwa Mama Dorsila alikuwa mtoto wa pekee. Alienda Macalder kuchimba dhahabu, shimo likamfunika. Tulipomzika, mama yake alimtungia wimbo. Yeye alianzisha, mimi nikaitikia, na mahali pangu pa kuitikia palikuwa na neno moja tu: Okoth. Tangu hapo tuliuimba tukigeuza omena, chinichini. Haukuwa kilio tena. Ulikuwa kama kumbembeleza mtoto ambaye ameshalala.

Basi alasiri hiyo alikuja kijana kutoka Nairobi, jina lake Maina, shati limepigwa pasi, begani ana chombo cha kunasa sauti. Akasema ametumwa na watu wanaotengeneza matangazo ya biashara ya redio. Alitaka kujua tunasikiliza nini, na saa ngapi. Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kutuuliza sisi tunapenda nini. Tulimpa kigoda, tukampa na chai.

"Kina mama, ni kipindi gani kinawafanya muache kazi?"

"Waulize waume zetu," akasema Consolata, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Sisi hatuachi. Wao ndio hawajaanza."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Maina naye akacheka. Kisha Mama Dorsila akasema, bila kuinua kichwa, "Tunaacha wakisoma wafu."

Maina akakisogeza kigoda chake karibu. Akatueleza polepole, kama mtu anayefungulia wageni mlango wa nyumba yake. Mwenye bidhaa, alisema, hanunui wakati wa redio. Ananunua masikio. Vijana wana saa yao, kwa hivyo wanawekewa soda na mafuta ya nywele. Wanaume wana saa ya mpira. Na sisi, masikio yote ya ziwa hili, saa yetu ilikuwa ile ya wafu. Kulikuwa na kampuni ya dawa ya kichwa iliyotaka tangazo lake likae hapo hapo, jina la mwisho likishasomwa tu.

"Kwa nini kichwa?" nikamuuliza.

"Mama, mtu akitoka kulia, ni nini humuuma?"

Alikuwa amesema kweli. Jina la hiyo dawa nalikumbuka, ila silitaji. Lilishalipiwa kutajwa vya kutosha.

Sasa sisi tulikuwa tumerudi kazini, na bila kufikiri tukaanza kuimba. Maina akasimama na kikombe mkononi. Kijaluo hakukijua, lakini alisimama mpaka wimbo ukaisha.

"Huo," akasema. "Huo ndio natafuta. Mtu akisikia huo, hawezi kuzima redio."

Akatuambia anachotaka. Sauti ibaki ile ile, machungu yabaki yale yale, ila pale ninapoitikia Okoth, niitikie jina la dawa. Tungepata redio mpya na sanduku la mawe. Na tungesikika kila alasiri, Migori, Homa Bay, mpaka Kisumu na ng'ambo.

Mama Dorsila akanigeukia. "Wimbo ni wetu wawili. Mimi nilimzaa, wewe uliolewa naye. Sema wewe."

Na mimi, mwanangu, nilitaka kukubali. Redio haikuwa kitu. Niliwaza tu alasiri zote zinazokuja, jua limelala juu ya maji, na sauti ile inatoka hewani yenyewe, bila mimi kuanza. Kana kwamba Okoth ndiye ananiita. Jina lingekuwa lingine, sawa, lakini mimi ningejua ni nani. Nilikuwa kama mtu aliye katikati ya usingizi, anayeombwa asiamke.

"Tujaribu kwanza," nikasema.

Maina akafungua chombo chake. Mama Dorsila akaanzisha, sauti yake nzito, imetulia. Ikafika mahali pangu. Nilikuwa nimeliandaa jina la dawa mdomoni, nalisikia kwenye ulimi. Kilichotoka: Okoth.

Consolata akacheka. "Nyar Karungu, hiyo dawa inaitwa Okoth?"

Hata mimi nilicheka. Tukarudia. Mama akaanzisha, nikakaza akili, nikatazama omena moja tu nisipotee. Mahali pangu pakafika. Okoth.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Dorsila akapangusa mikono kwenye leso yake, akamwambia kijana kwa upole, "Mwanangu, unaona? Ndani ya wimbo kuna mtu. Hakuna nafasi."

"Ondoa maneno yote, mama. Ubaki mvumo tu."

"Sasa fikiria mwanamke," akasema Mama Dorsila. "Ametoka kusikia jina la mtoto wake kwenye redio. Anasikia nami nalia. Atadhani nalia naye. Kumbe namuuzia dawa. Nikikutana naye sokoni, nitamwambia nini?"

Maina alizima chombo chake. Hakukasirika. Alimaliza chai, akashukuru kwa Kijaluo kibovu, ero kamano, akaenda zake na barabara ya Homa Bay.

Tangazo lilikuja baadaye. Alasiri, wafu wamesomwa, mikono yetu bado imesimama, mwanamke akaanza kuimba kutoka kwenye redio. Alikuwa na sauti nzuri, tamu, yenye ufa katikati. Halafu jina la dawa. Consolata alitaka kuzima, Mama Dorsila akamzuia mkono. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Anaimba vizuri huyu," akasema. "Sijui alimzika nani."

Mwanangu, sikuambii uchukie redio, wala sinema, wala hiyo simu unayolala nayo. Maina alikuwa mtu mzuri, na kichwa kikikuuma, nunua dawa umeze. Ninachokuambia ni hiki: anayetaka kukuuzia hutafuta kwanza saa ambayo moyo wako uko wazi. Zamani alikuja kwa miguu kuuliza. Siku hizi haulizi, unamwonyesha mwenyewe kila unapocheka na kila unapolia. Kwa hivyo sauti ikikuita dada, ikikuita mama, ikilia pamoja nawe, isikilize, lakini jiulize ni nani aliyeituma na kwa nini imekuja saa hiyo. Na kile ulichokitengeneza kwa ajili ya mtu wako, usikubali mtu wako atolewe ndani kibaki kizuri tu.

Mungu akujalie usingizi mzuri na watu wa kukuimbia ungali hai. Na siku ya mbali sana, jina lako litakaposomwa, lisomwe polepole, na baada yake kuwe kimya.