Usiniletee Ile ya Ndiyo na La

Katikati ya miaka ya tisini, watu wa Nkubu walikuja kwetu Runyenjes kuniposa. Wakati huo nilikuwa mtafiti mkuu katika chuo kimoja ng'ambo, kazi yangu kompyuta ya kwantamu, na nilikuwa nyumbani likizo. Mwalimu aliyenitaka nilimwambia twende polepole. Yeye akaniletea ukoo mzima. Na mimi, nisiwadanganye, sikuwa nimeamua. Asubuhi nilimtaka yeye, jioni niliitaka maabara yangu.

Mjomba, msemaji wetu, akawatambia wageni kwamba natengeneza kompyuta inayoshinda zote. Mzee wao mmoja, mkulima wa kahawa asiyependa porojo, akauliza, "Iko wapi tuione?" Mjomba akakohoa. Nikaitwa kutoka jikoni, masizi mikononi.

"Bado haipo, mzee," nikasema.

"Na hiyo kazi unaenda kila siku?"

"Kila siku."

Akawatazama wenzake. Nikaona heri nieleze, maana mjomba alishaniharibia. Kompyuta za kawaida, nikasema, ndani yake ni ndiyo au la. Yangu itabeba ndiyo na la kwa pamoja, mpaka uipime; ukishaipima inabaki na jibu moja, na lile lingine limekwenda.

Shangazi akadakia, "Ni yai chini ya kuku. Ni kifaranga au ni viza, hujui mpaka ulivunje." Wote wakaitikia kwa furaha. Sivyo hata kidogo, yai limeshakuwa moja kabla hujalivunja, lakini ningefanya nini? Nimesoma mpaka macho yakaingia ndani, halafu shangazi ananipokonya darasa kwa yai. Iliniuma sana.

Ikabaki desturi ya mwisho. Kwetu baba hagusi uji wa posa mpaka binti mwenyewe amruhusu, na akishakunywa, mambo yamekwisha. Baba akainua kibuyu.

"Ninywe?"

Nikamtazama mwalimu wangu. Ndugu zake walikuwa wakinusa nyama. Yeye alikuwa na bahasha gotini, nyuma yake ameandika yote niliyoeleza, na penye yai la shangazi ameweka alama ya kuuliza. Nikampenda pale pale.

Baba akachoka kungoja. "Mama, nijibu. Na usiniletee ile yako ya ndiyo na la."

"Kunywa, Baba," nikasema.

Akaunywa wote bila kupumua, nisije nikabadilisha nia.