Fito Mpya za Ndege ya Pongwe

Thuwaini wa Pongwe alizaliwa na ufundi na ubishi, na vyote viwili akijisifia. Mashine za mkonge zilizowashinda mafundi wa mjini, yeye alizifufua. Miaka sita aliunda ndege ya watu wawili bandani kwake kwa michoro ya mtandaoni, na wa kuirusha alikuwa Talal, mdogo wake, aliyesomea urubani.

Banda lilifungwa kufuli mbili, maana Thuwaini alichelea kijicho kuliko kutu. Saleha, jirani yao, aliwahi kuchungulia dirishani akaisifu ndege bila kusema mashallah, na kesho yake kitambaa cha bawa kikachanika. Basi! Tangu siku hiyo hata dirisha likapigiliwa mbao.

Mwezi wa Shaabani akaona usukani mzito. Nyuma ya kila bawa kuna kibapa cha kuinamishia ndege: ukipeleka usukani kulia, cha kulia hupanda, cha kushoto hushuka, na ndege hulalia kulia. Kebo za kuvivuta zilikuwa zikikwaruza, akazitoa, akaweka fito za chuma alizochomelea mwenyewe. Usukani ukawa mwepesi kama mlango uliotiwa mafuta. Talal akamwomba aite fundi wa ndege aitazame kwanza, kwani desturi ya mafundi hao kazi ya mmoja hukaguliwa na mwingine. Thuwaini akakataa katakata. Alisema ameipima mara saba, na jicho la mgeni hujui limekuja na nini. Talal hakulelewa kumuuliza kaka yake mara mbili. Aliutikisa usukani, akaufurahia wepesi wake, akaondoka na ndege.

Ndege iliacha ardhi vizuri. Upepo ukainua bawa la kushoto, ndege ikaanza kulalia kulia, Talal akapeleka usukani kushoto ainyooshe. Ikazidi kulalia kulia. Akaukaza zaidi, ikapinduka, ikaangukia kwenye mkonge, naye akafa papo hapo. Kabla vumbi halijatulia Thuwaini alikwisha jua: fito alizifunga kinyume. Mara saba alipima kama vibapa vinacheza. Hakupima hata mara moja vinakwenda upande gani. Kweli nyani haoni kundule.

Msibani hakuna aliyemlaumu. Watu walimpa pole wakimlaani mwenye husuda, na siku ya tatu mama yao, Bi Ghadir, akaamrisha Saleha asikanyage tena mlangoni pake. Saleha alikuwa uani akiosha sahani za hitima. Akazitua, akajitanda kanga, akaondoka akilia.

Thuwaini angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua, na chuma chote kilikuwa kimepondeka. Moyo wake ulitaka kunyamaza, tena sana. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, Saleha hana kosa. Ningemruhusu mtu mmoja tu aitazame ile ndege, Talal angekuwa hai. Nimemuua mimi, kwa mikono yangu."

Bi Ghadir alikuwa ameishika mikono hiyo tangu asubuhi. Akaiachia, akainuka, akatoka kumfuata Saleha, na hadi arubaini inapita hakumtazama mwanawe usoni.