Kitanda Kilichovuka Mto Bila Mimi

Juzi nilikuwa Louisville kwa dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita yaya, naye akanipeleka kutembea juu ya daraja la zamani la reli. Treni haipiti tena. Wamelipaka rangi, wameweka taa, na watoto wanaendesha baiskeli juu ya Mto Ohio kana kwamba ni uani kwao. Nikwambie ukweli, rafiki yangu: niliona wivu. Nililionea wivu daraja lenyewe, kwamba limezeeka na bado lina watu wa kulipaka rangi.

Letu halikupata mtu. Lilikuwa chini ya milima yetu ya Kivu Kusini, pale njia ya kutoka juu inapokutana na mto. Usidhani ni daraja la kukanyaga. Ngoja nikueleze polepole, maana hata kiwandani hapa Buffalo nikieleza watu hunitazama tu. Simamisha minara miwili ya chuma, mmoja kila ng'ambo. Juu kabisa laza boriti ndefu, na juu yake weka magurudumu. Kwenye magurudumu ning'iniza kamba za chuma mpaka chini, usawa wa ukingo, kisha uzifunge kwenye jukwaa la mbao. Mzee mmoja alizungusha mkono wa chuma, magurudumu yakatembea huko juu, na jukwaa likaelea juu ya maji likiwa na watu, mbuzi na mizigo. Wakubwa walisema Wabelgiji walilijenga kwa ajili ya pamba, wakalining'iniza hivyo kwa sababu wakati wa mvua mto ulishuka na magogo, ukang'oa kila nguzo iliyosimamishwa ndani yake. Pamba ikaisha, Wabelgiji wakaenda, jukwaa likabaki kwetu. Tuliliita Kitanda.

Siku ya soko mama alishuka na fromaji zake, jibini ya nyumbani, zimefungwa majani ya mgomba, zikinukia maziwa na moshi. Mzee wa Kitanda alimruhusu kila mama mtoto mmoja tu, tena awe ameota upya meno ya mbele. Mwenye meno mapya, alisema, ana akili ya kushika kamba. Yaya alikuwa nayo yote. Mimi nilikuwa na pengo la kupitisha ulimi.

"Kibogoyo, baki na nyanya!" alinipigia kelele kutoka jukwaani, kuku wetu kwapani.

Nami nikabaki ukingoni na nyanya, tukichambua maharage kwenye ungo, nikisikiliza magurudumu yakilia kriii. Nilikijua Kitanda chote. Nilijua kwamba katikati ya mto kilisimama kidogo, mzee akibadilisha mkono wake uliochoka. Jioni yaya alirudi akinuka ndagala wa kukaanga, dagaa wa kwetu, midomo iking'aa mafuta, na hakunisimulia kitu mpaka nimchotee maji ya kunawa. Hadi leo nikisikia harufu ya ndagala, wivu ule unarudi.

Kila asubuhi nyanya alinipapasa ufizi kwa kidole chenye harufu ya moshi. "Linakuja," alisema. "Linakuja, mama."

Likaja kweli, likafika nusu. Kisha vikaja vita. Tulikimbia kwa njia ya milimani, nyanya hakufika nasi, na tukiwa kambini tukasikia kwamba minara imeangushwa na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Tangu hapo Kitanda kimekuwa mali ya yaya. Harusini Columbus, msibani Buffalo, watu wakianza kukumbuka nyumbani, yeye ndiye husimulia jinsi kilivyoyumba na jinsi maji yalivyonguruma chini ya miguu. Halafu lazima mtu anigeukie: "Na wewe, ulipanda?" Mimi hujibu nilikuwa bado.

Sasa pale juu ya Ohio, binti wa yaya, tuliyekuja naye na ambaye humjibu mama yake kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, akataka kujua Kitanda hicho kilishikwa na nini na nani alikisukuma. Yaya akaninyooshea kidole.

"Bon, uliza mama yako mdogo."

"Yaya, si wewe ndiye uliyepanda?" nikamwuliza.

"Nilipanda, ndiyo. Lakini nilikuwa nafunga macho, kutoka huku mpaka kule. Uso wote mu kitenge ya mama. Kuku ndiyo iliona." Akacheka, kisha akaacha. "Unafikiri mie sikukuwa na wivu? Wewe umekaa na nyanya siku nzima, peke yako, chini ya miguu yako iko ngumu. Mie niko naenda kufa."

Nikafungua kamba ya kiatu cha binti, nikaifunga kitanzi kwenye chuma cha ukingo wa daraja, nikaning'iniza chupa yake ya maji, nikaanza kuivuta polepole kumwonyesha. Katikati nikaisimamisha.

"Ilikuwa nasimama pale?" yaya akauliza.

"Kidogo tu. Mzee alikuwa anabadilisha mkono."

"Ah! Mie nilijua ni kamba inakatika. Kila siku ya soko." Akasogea karibu. "Rudisha. Vuta tena, nione."

Kitanda hakipo, na hatuna hata picha. Nikaivuta chupa upya, nikaisimamisha katikati, ikayumba. Safari hii hakufumba macho. Na mimi, mtu mzima mwenye meno yote, nikamwonea wivu hata ile hofu.