Gari Lililokwenda Upande

Juzi, dukani Chake Chake, nilimwona mtoto akijaribu gari la rimoti, nikakumbuka alasiri moja kwetu Wesha. Uani kulinukia karafuu mbichi. Baba alikuwa ameninunulia gari jekundu, lililolia kama nyuki na kuvuta kushoto. Alizungusha kidude cha kurekebishia usukani kwenye rimoti, likanyooka. Kisha akakizungusha tena, na tena, hadi likagonga ukuta.

"Baba, lishanyooka!"

"Bado laenda upande, mwanangu," alisema kwa ulimi mzito, kama mwenye tonge mdomoni.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Mama alitoka jikoni, akamtazama uso, akapiga ukelele. Leo najua kilikuwa kiharusi. Baba aliishi, lakini jina langu hakulitamka tena.