Nilimshuku Mkamwana Wangu, Sasa Naishuku Mikono Yangu

Admin, nifiche kabisa. Usiweke jina wala mtaa, maana Kibiti hii ni ndogo na watu wake wana macho. Mimi ni mama wa miaka sitini na nne, mjane. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu nikimpa binti wa jirani aniandikie, kabla ya magharibi habari itakuwa imeshafika sokoni.

Mume wangu alipofariki, mwanangu wa pekee alinitoa shambani Mohoro akanileta kwake hapa. Alisema nimelima mpunga vya kutosha, nije nipumzike. Nimepumzika hadi nimechoka kupumzika. Yeye ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana Ijumaa tu, kwa hiyo nilikuwa nashinda na mke wake na mtoto wao mdogo. Mkamwana ni mpole sana, na mimi mtu mpole sana humtazama mara mbili. Tangu nifiwe silali vizuri, moyo mzito, hata kwenye maulidi nakaa tu kama niliyesindikiza wengine. Kilichokuwa kinanituliza ni ukindu wangu, nikae nisuke ukili, ule mkanda mrefu wa kushonea mikeka.

Yalianza madogo. Ufunguo wa sanduku langu ukapotea. Kanga niliyoletewa na marehemu ikapotea, nikaikuta stoo chini ya gunia. Maharage yakaungua, mkamwana akasema ni mimi niliyeyabandika, na mimi sikumbuki kubandika chochote. Kila nikiuliza ananijibu taratibu kuwa nimesahau tu. Hilo neno lilikuwa linanichoma. Nikajiambia huyu anataka nionekane nimepungukiwa akili, ili mwanangu auze shamba la Mohoro nami nisiwe na sauti. Ikafika mahali sinywi chai mpaka aionje yeye kwanza.

Kisha ukafuata ukili wangu. Mama mmoja aliniagiza mkeka wa harusi ya binti yake, wa maua meusi na zambarau. Asubuhi nikakuta ua limevurugika, nyeusi imeingia kwenye zambarau, kazi ambayo hata anayejifunza angeona haya kuionyesha. Nikafumua, nikasuka upya, nikaufunga kwa fundo langu nikauficha uvunguni. Baada ya siku chache fundo liko vile vile, ukili umeharibika tena. Nikamwita mkamwana.

"Mama, mimi ukili sijui hata unaanzwa wapi," akasema.

Nikamwambia uongo huo awapelekee kwao.

Ijumaa mwanangu aliporudi nilimwambia mkewe ananichezea kazi na akili. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema wallahi. Akamgeukia mkewe: "Mama yangu hajawahi kuniambia uongo tangu nizaliwe." Kesho yake yule binti akambeba mtoto mgongoni, akapanda bodaboda hadi stendi, akaenda kwao Umwe. Hakunitukana. Aliniaga, akanionyesha alipoweka vidonge vyangu vya presha. Hata hilo nilisema ni ujanja.

Mwanangu naye akarudi safarini, nikabaki peke yangu, nikausuka ukili upya, nikawa nafunga mlango kwa ndani. Juzi nikautoa ukili niendelee, ua limevurugika tena. Mkamwana yuko Umwe. Nikasema kumbe anatuma vitu vya kichawi. Nikaupeleka dirishani niutazame vizuri.

Jamani, mimi kula nala kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa, lakini kusuka nasuka kwa kushoto tangu utotoni. Naunga ukindu upande ambao wenzangu hawaungi, na ncha zake zinabaki upande mwingine na za watu wote. Mama mzazi alinigombeza sana kwa hilo, na mshonaji yeyote akishika ukili wangu anaujua ni wa nani. Nikatazama pale palipovurugika. Ncha ziko upande wangu. Ni mkono wangu uliofanya, na mimi sikumbuki.

Nikaanza kupekua nyumba. Ufunguo nimeukuta kwenye ndoo ya mchele, umefungwa kwenye kitambaa changu, kwa fundo langu lile lile. Nikakaa chini nikalia.

Dada yangu kule visiwa vya delta alianza hivi hivi. Alisahau njia ya kisimani, kisha majina ya watoto wake. Watu hawakusema anaumwa, walisema uchawi wake umemrudia. Wakamweka chumba cha nyuma, chakula anapitishiwa mlangoni, na hadi anafariki hakuna aliyeamini neno lililotoka kinywani mwake. Nilikwenda kumwona, na mimi pia niliishia mlangoni. Naliogopa hilo kuliko kifo. Zahanati nikiwaambia silali na nasahau, wananipima presha na kusema ni umri. Sijui ni msiba au ni maradhi.

Jumamosi hii wazee wa pande zote mbili wanakaa. Mwanangu ameapa nisipoyafuta maneno yangu mbele yao, anatoa talaka. Nikisema ukweli, kuanzia siku hiyo kila nitakachosema kitatiwa shaka, shamba litauzwa na nitaambiwa nilikubali mwenyewe. Nikinyamaza, mtoto wa watu anaachika kwa makosa ya mikono yangu, na wallahi yangu iko shingoni. Na nisiwafiche, bado kuna saa moyo unaniambia ni yeye tu, amejifunza kusuka kwa kushoto ili anikomeshe.

Kama unanijua na unasoma hapa, usimpigie mwanangu. Nataka ayasikie kwangu, kama nitayasema.

Nishaurini wanangu, nifanye nini? Niende kwanza hospitali kubwa, au niseme kwanza? Mnijibu leo hii. Leo najua kuwa ni mimi. Kesho nikiamka sina hakika kama bado nitakuwa najua, na Jumamosi ushahidi watauchukua kwangu.